Salfa inavyohujumu madini yabebayo oksijeni katika mitambo ya kunasa kaboni

SALFA si kitu kigeni kwa wakazi wa upande wa bara wa Mombasa. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta kilipoanza kazi Changamwe mwaka wa 1963, elementi hii ya rangi ya manjano, ambayo wazee waliijua kwa jina la kiberiti, imekuwa ikiwasili pwani ikiwa imejificha ndani ya mafuta.

Haionekani kwa macho katika dizeli wala katika mafuta mazito. Lakini mafuta hayo yanapochomwa, salfa huungana na oksijeni na kuwa gesi ya salfa dioksidi. Gesi hiyo huwasha koo, hubana vifua vya wenye pumu, na hugeuka asidi inapokutana na unyevu wa hewa.

Madhara hayo yanajulikana. Yasiyojulikana na wengi ni yale ambayo salfa huyaleta ndani ya mitambo ya kisasa inayobuniwa ili kuchoma mafuta na makaa ya mawe bila kuachilia gesi ya kaboni dioksidi hewani. Humo, salfa haingoji kutoka kwenye bomba la moshi ndipo ianze uharibifu. Huyashambulia madini yenyewe yanayotegemewa kufanya kazi.

Teknolojia hiyo huitwa uchomaji kwa mzunguko wa kemikali. Hakuna mtambo wa aina hiyo nchini Kenya, na hata ng'ambo mingi ingali katika hatua ya majaribio. Hata hivyo, jambo hili linaigusa Mombasa kwa njia tatu. Mojawapo ya madini yaliyojaribiwa sana katika mitambo hiyo ni ilmenaiti, ambayo kwa takriban miaka kumi ilisafirishwa ng'ambo kutoka Likoni. Viwanda vya saruji, kama kile cha Bamburi katika eneo la Kisauni, ni miongoni mwa viwanda ambavyo duniani kote vinatafutiwa njia ya kupunguza kaboni. Nayo Changamwe ndiko mafuta yenye salfa yamekuwa yakipokewa, kuhifadhiwa na kuchomwa.

Kivuko cha oksijeni

Ili kuelewa jinsi salfa inavyoleta hasara, ni lazima kwanza kuelewa jinsi mtambo unavyofanya kazi.

Hewa tunayovuta ina nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Katika tanuri la kawaida, mafuta huchomwa ndani ya hewa hiyo, na kaboni dioksidi inayozalishwa huchanganyika na nitrojeni nyingi. Kuitenga baadaye ni kazi ghali inayokula sehemu kubwa ya nishati ya mtambo wenyewe.

Uchomaji kwa mzunguko wa kemikali hukwepa tatizo hilo kwa kuhakikisha kwamba hewa na mafuta havikutani kamwe. Mtambo huwa na matanuri mawili. Katika tanuri la kwanza, hewa moto hupulizwa kupitia chembechembe za metali, ndogo kama mchanga wa ufuoni, nazo hunyakua oksijeni na kuwa oksidi. Chembe hizo husafirishwa hadi tanuri la pili, lenye mafuta, gesi au makaa ya mawe. Huko huitoa oksijeni yao, mafuta huungua, na chembe hurudi tanuri la hewa kuchukua oksijeni nyingine.

Mkazi wa Likoni anaweza kuifananisha kazi hii na feri. Ng'ambo mbili za mkondo wa Kilindini hazigusani, lakini abiria huvuka kwa sababu kuna chombo kinachokwenda na kurudi bila kukoma. Hapa abiria ni oksijeni na chombo ni chembe ya metali. Ndiyo maana wataalamu huziita chembe hizo vibeba oksijeni.

Faida yake ni kwamba kinachotoka katika tanuri la mafuta ni kaboni dioksidi na mvuke wa maji tu, ikiwa mafuta ni safi. Mvuke ukipozwa huwa maji na kuondolewa. Kinachobaki ni kaboni dioksidi iliyo tayari kushindiliwa na kuzikwa chini ya ardhi.

Wazo hili si geni. Mwaka wa 1954, wahandisi wa Marekani Lewis na Gilliland walipata hataza ya kuzalisha kaboni dioksidi safi kwa kutumia oksidi za metali. Mwaka wa 1987, Masaru Ishida na wenzake nchini Japani waliipa teknolojia hii jina inalotumia hadi leo. Mwaka wa 2003, Chuo Kikuu cha Chalmers nchini Uswidi kilionyesha mtambo mdogo wa kilowati 10 ukifanya kazi mfululizo kwa chembe za nikeli.

Abiria asiyeshuka

Katika maabara, majaribio mengi ya mwanzo yalifanywa kwa gesi safi. Mafuta ya kweli si safi. Gesi asilia huweza kuwa na hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Makaa ya mawe huwa na salfa iliyoshikana na chuma katika madini ya pairiti, na nyingine iliyofungamana na kaboni yenyewe. Mafuta mazito, ambayo ni mabaki ya usafishaji wa mafuta ghafi, huwa na salfa nyingi zaidi kuliko petroli na dizeli.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kabla ya Januari 1, 2020, meli za kimataifa ziliruhusiwa kuchoma mafuta yenye salfa hadi asilimia 3.5. Tani moja ya mafuta hayo ingeweza kubeba kilo 35 za salfa, na kwa kuwa kila kilo ya salfa huzalisha kilo mbili za salfa dioksidi, tani hiyo ingetoa kilo 70 za gesi hiyo. Kanuni mpya ilishusha kiwango hadi asilimia 0.5, yaani kilo 10 za gesi kwa tani, isipokuwa kwa meli zilizofungwa vifaa vya kusafisha moshi. Dizeli ya magari nchini Kenya, ambayo tangu Januari 2015 imewekewa kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, hutoa takriban gramu 100 pekee kwa tani.

Salfa inapoingia katika tanuri la mafuta, huwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuungana na oksijeni na kutoka ikiwa salfa dioksidi, pamoja na kaboni dioksidi. Ya pili ni kung'ang'ania metali na kuunda salfaidi. Ya tatu ni kuungana na kalsiamu na oksijeni na kuunda salfeti, ambayo ni chumvi ngumu.

Kwa chembe, njia ya kwanza ndiyo yenye nafuu. Nyingine mbili ni sawa na abiria anayepanda feri bila nauli, akakaa mahali pa mwenzake, na kukataa kushuka chombo kinapotia nanga. Kadiri abiria wa aina hiyo wanavyoongezeka, ndivyo oksijeni inayovushwa inavyopungua.

Nikeli: Hodari lakini dhaifu

Nikeli ilipendwa sana na watafiti wa mwanzo. Oksidi yake hubeba oksijeni nyingi, takriban asilimia 21 ya uzito wake, na huchoma gesi asilia kwa haraka.

Lakini mbele ya salfa, nikeli ndiyo inayoathirika vibaya zaidi. Huungana na salfa kwa urahisi na kuunda salfaidi ambayo hufunika uso wa chembe. Kwa kuwa kazi yote hufanyika kwenye uso huo, chembe hupoteza nguvu hata kama salfa ni kidogo.

Hatari nyingine ni ya joto. Matanuri haya hufanya kazi kati ya nyuzijoto 800 na 1,000 sentigredi. Nikeli safi haiyeyuki katika joto hilo, lakini mchanganyiko wa nikeli na salfaidi yake huanza kuyeyuka karibu nyuzijoto 640. Chembe ambazo zilipaswa kutiririka kama mchanga mkavu huanza kunata na kushikana mabonge. Mabonge yakiziba njia, mzunguko hukwama na mtambo wote husimama.

Watafiti wa taasisi ya utafiti wa kaboni ya Zaragoza, Hispania, walilichunguza suala hili katika mtambo mdogo na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2009. Walihitimisha kwamba nikeli inaweza kutumika bila hatua za ziada ikiwa hidrojeni salfaidi katika gesi haizidi sehemu 100 kwa milioni. Zaidi ya hapo, ni heri salfa iondolewe kabla ya gesi kuingia mtamboni. Ukiongeza gharama ya nikeli na ukweli kwamba misombo yake inaweza kusababisha saratani, ni rahisi kuona kwa nini watafiti walianza kutafuta metali nyingine.

Shaba, chuma na ilmenaiti ya Likoni

Shaba ilionyesha ustahimilivu mkubwa zaidi. Watafiti hao hao wa Zaragoza, katika matokeo ya mwaka wa 2010, waliilisha chembe za shaba gesi yenye hidrojeni salfaidi hadi sehemu 1,300 kwa milioni. Palipokuwa na oksijeni ya kutosha, takriban asilimia 95 ya salfa ilitoka katika tanuri la mafuta ikiwa salfa dioksidi, na uchomaji haukuathirika. Oksijeni ilipopungua ndipo salfaidi ya shaba ilipojitokeza.

Somo hilo ni muhimu, kwani linahusu metali nyingine pia. Chembe zikifika katika tanuri la mafuta zikiwa na oksijeni tele, salfa huipata oksijeni hiyo na kuondoka. Zikifika karibu tupu, salfa huigeukia metali yenyewe. Kwa hiyo mwendeshaji wa mtambo anaweza kupunguza madhara kwa kuongeza kasi ya mzunguko, ili chembe zisikaushwe oksijeni yote kabla ya kurudi.

Chuma nacho ni mstahimilivu. Salfaidi ya chuma huundika pale tu oksijeni inapokuwa haba mno, hali ambayo mtambo unaoendeshwa vyema huiepuka. Udhaifu wake ni kwamba hubeba oksijeni kidogo. Oksidi ya chuma inapotoka hali ya hematiti hadi magnetiti, huachilia takriban asilimia 3.3 tu ya uzito wake. Chembe nyingi zaidi huhitajika kuzungushwa ili kufanya kazi ile ile.

Hapa ndipo ilmenaiti inapoingia. Madini haya yana chuma na titani vilivyoungana na oksijeni. Ni ya bei nafuu kuliko chembe zinazotengenezwa viwandani, hayana sumu ya nikeli, na hustahimili salfa kwa sababu metali inayofanya kazi ndani yake ni chuma. Kwa makaa ya mawe, ambayo huacha jivu linaloharibu chembe na kulazimu zibadilishwe mara kwa mara, bei nafuu ni hoja nzito. Mtambo wa majaribio wa megawati 1 katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, ulitumia ilmenaiti, na Chalmers pia imeifanyia utafiti kwa miaka mingi, hasa ile inayochimbwa Norway.

Wapwani wanaijua ilmenaiti kwa sura nyingine. Kampuni ya Base Titanium iliichimba katika mchanga wa Kwale pamoja na rutili na zirkoni, ikaisafirisha kwa malori takriban kilomita 50 hadi gati lake la Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Ilmenaiti hiyo iliuzwa hasa kwa ajili ya kutengenezea rangi nyeupe ya titani, wala si kwa mitambo hii. Lakini inafaa Wakenya wafahamu kwamba madini yaliyopita mbele yao yakiwa ghafi yana matumizi zaidi ya moja.

Kalsiamu: Adui na rafiki

Watafiti pia walitengeneza chembe za kalsiamu na manganizi. Katika gesi safi zilionyesha matokeo ya kupendeza, kwani zina uwezo wa kuachilia oksijeni yenyewe hewani mwa tanuri. Salfa ilipoingizwa, kalsiamu iliiacha manganizi na kuungana na salfa, ikawa kalsiamu salfeti. Muundo wa chembe ukavunjika na uwezo wake ukashuka. Chembe za aina hii zinahitaji mafuta ambayo yamesafishwa salfa.

Cha ajabu ni kwamba kalsiamu salfeti hiyo hiyo, iliyo adui hapa, inaweza kuwa chombo kizuri mahali pengine. Ni ile ile jasi ambayo viwanda vya saruji huisaga pamoja na klinka ili saruji isigande upesi fundi anapoikoroga. Kwa uzito, takriban asilimia 47 ya kalsiamu salfeti ni oksijeni inayoweza kutolewa ikageuka kalsiamu salfaidi, zaidi ya mara mbili ya ile ya nikeli. Kampuni ya Alstom ilijenga mtambo wa majaribio wa aina hii nchini Marekani, uliotumia mawe ya chokaa na kuiacha salfa ya makaa yenyewe iunde kibeba oksijeni.

Tatizo lake ni joto. Likizidi, au gesi zisipolingana, jasi hiyo huvunjika na kuitema salfa dioksidi badala ya kutoa oksijeni pekee. Chembe hubaki chokaa tupu, isiyobeba chochote. Kwa hiyo salfa iliyofanywa mtumishi huweza kutoroka wakati wowote usimamizi unapolegea.

Itatoka kwa mlango upi?

Jambo kuu linalojitokeza katika tafiti hizi zote ni kwamba salfa haitoweki. Kilo iliyoingia na mafuta itatoka mahali fulani, na kazi ya mhandisi ni kuchagua mlango.

Mlango wa kwanza ni kabla ya uchomaji. Hivi ndivyo viwanda vya kusafisha mafuta hufanya kwa kutumia hidrojeni, ambayo huivuta salfa kutoka kwa mafuta. Kiwanda cha Changamwe kilikuwa na vitengo vya kazi hiyo, kwani petroli hutengenezwa kwa msaada wa vichocheo vya platinamu, ambavyo navyo huharibiwa na salfa. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta Septemba 2013 na kubaki ghala. Tangu mwaka wa 2018 kilihifadhi mafuta ghafi ya Turkana, ambayo yana nta nyingi lakini salfa kidogo.

Mlango wa pili ni tanuri la mafuta. Salfa hutoka pamoja na kaboni dioksidi, ambayo lazima isafishwe kabla ya kusafirishwa, la sivyo unyevu ukibaki itakuwa asidi na kutoboa mabomba.

Mlango wa tatu ndio mbaya zaidi. Chembe zilizoshikwa na salfa hurudi tanuri la hewa, na huko salfaidi huungua. Salfa dioksidi hutoka na hewa iliyotumika, moja kwa moja hadi angani juu ya makazi ya watu. Mtambo uliosifiwa kuwa safi kwa sababu unanasa kaboni unaweza kuwa unawatilia majirani sumu kupitia bomba ambalo hakuna aliyefikiri kulipima.

Yanayoihusu Mombasa

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini Kenya ishughulike na haya ilhali sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Swali hilo ni la haki. Mwaka wa 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu, baada ya wakazi kuupinga. Hakuna teknolojia inayofaa kutumiwa kuwa kisingizio cha kuurejesha mradi ambao wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Lakini mafuta mazito bado yana nafasi yake. Kituo cha Kipevu III, chenye uwezo wa megawati 120, kilijengwa mwaka wa 2011 ili kuyatumia. Saruji nayo haiwezi kutengenezwa bila kuyapasha moto mawe ya chokaa hadi yaachilie kaboni dioksidi, hata kama tanuri litatumia nishati safi kiasi gani. Kwa hiyo maneno ya kunasa kaboni yataendelea kuwafikia wakazi wa Changamwe, Kisauni na Likoni, yakiletwa na wawekezaji wenye michoro ya kuvutia.

Siku hiyo ikifika, wakazi hawatahitaji shahada ya kemia ili kuuliza yanayofaa. Waulize mafuta yatakayochomwa yana salfa kiasi gani kwa tani. Waulize chembe zitakazotumika ni za metali gani, zitadumu muda gani, na zikichakaa zitatupwa wapi. Waulize salfa itatoka kwa bomba lipi, na kama kila bomba, likiwemo la tanuri la hewa, litafungwa kipimo ambacho matokeo yake yatatangazwa kwa umma.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2021 kwamba salfa dioksidi katika hewa isizidi wastani wa mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24. Hicho ni kigezo ambacho mwananchi anaweza kukishika mkononi anapoingia katika mkutano wa hadhara. Akiambiwa tu kwamba mtambo ni safi kwa kuwa unanasa kaboni, ana haki ya kusimama na kuomba takwimu za salfa.